Korra, Maimuna na ugumu wa kukua: Kwa nini shujaa wa kike hakomai kwa siku moja

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa katika mtihani ataje sifa za mhusika wa riwaya, anajua la kufanya. Ataandika kwamba mhusika ni jasiri, ni mvumilivu, ni mwenye bidii, na kila sifa ataitolea mfano mmoja kutoka kitabuni. Alama atazipata. Lakini mwulize mhusika huyo alibadilika vipi, hatua kwa hatua, na kwa nini alirudia makosa yale yale aliyodhaniwa ameyaacha, na hapo kalamu huanza kusita.

Si ajabu basi kwamba vijana wengi waliotazama mfululizo wa vibonzo wa Marekani uitwao The Legend of Korra walimlalamikia shujaa wake. Walisema ni mkaidi, hajifunzi, leo yu mwerevu na kesho amerudi pale pale alipokuwa. Lalamiko hilo lina ukweli kiasi fulani. Hata hivyo, lina pia upungufu mkubwa, nao unastahili kuelezwa, kwa maana unahusu namna tunavyosoma riwaya zetu wenyewe, na hata namna tunavyowatazama majirani zetu hapa Nakuru.

Kwanza, kwa wasioujua mfululizo huo. Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko walitunga hadithi ya Avatar: The Last Airbender, iliyoonyeshwa na kituo cha Nickelodeon kuanzia Februari 2005 hadi Julai 2008 katika vipindi 61. Katika ulimwengu wa hadithi hiyo, wapo watu wenye uwezo wa kuamrisha maji, au ardhi, au moto, au hewa. Mtu mmoja tu katika kila kizazi ndiye awezaye kuviamrisha vyote vinne, naye huitwa Avatar. Akifa, huzaliwa upya katika taifa jingine. Shujaa wa mfululizo wa kwanza alikuwa Aang, mvulana wa miaka 12.

Mfululizo wa pili ulianza Aprili 2012 na kukoma Desemba 2014, ukiwa na vipindi 52 vilivyogawanywa katika vitabu vinne: Hewa, Roho, Mabadiliko na Mizani. Miaka 70 imepita, Aang amekwisha kufa, na aliyezaliwa baada yake ni Korra, binti wa kabila la maji la kusini. Tunapomwona mara ya kwanza ana umri wa miaka minne, na tayari anaamrisha maji, ardhi na moto huku akiwatambia wazee waliokuja kumkagua. Hadithi yenyewe inapoanza ana miaka 17. Kilichomshinda ni hewa peke yake.

Tofauti ya mashujaa hawa wawili ni msingi wa yote yanayofuata. Aang alipewa safari moja. Adui wake mkuu alijulikana mapema, siku ya mwisho ilijulikana, na kila kituo alichopitia kilimwongezea ujuzi mmoja. Alikuwa mtoto mwoga wa wajibu aliyejifunza kuubeba. Korra ni kinyume chake. Yeye aliupenda wajibu tangu akiwa mtoto, na hana jambo jingine analojivunia. Swali la mfululizo wake ni kwamba mtu anayejijua kwa nguvu zake pekee atakuwa nani nguvu hizo zikiondolewa.

Nazo ziliondolewa, mara moja baada ya nyingine, kila adui akichukua chake.

Katika kitabu cha kwanza, Amon, kiongozi wa wale wasio na uwezo wa kuamrisha chochote, anamnyang'anya Korra maji, ardhi na moto. Hewa aliyoshindwa kuipata kwa mazoezi inamjia ghafla wakati huo huo. Anabaki na kile tu asichokitaka sana, na analia peke yake kando ya jabali la barafu. Kisha roho ya Aang inamtokea na kumrudishia kila kitu kwa dakika chache.

Hapo ndipo penye kasoro ya kwanza, na mwandishi huyu hana nia ya kuitetea. Mtu aliyepoteza nafsi yake hawezi kurejeshewa kama aliyeangusha mkoba sokoni. Sababu yake lakini si siri: mradi ulianza kama hadithi fupi ya vipindi 12, na watunzi walilazimika kuufunga mlango kabla ya kujua kwamba wangepewa nafasi ya kuufungua tena. Aghalabu mambo tunayoyaita udhaifu wa mhusika ni alama za makasi ya watayarishaji.

Kitabu cha pili ndicho kilichowaudhi watazamaji kuliko vyote. Korra anamfukuza mwalimu wake Tenzin, anamwamini mjomba wake Unalaq kwa sababu mjomba anamsifu, anagombana na mpenzi wake Mako na kufoka mbele ya jaji. Waliodhani amekomaa walihisi wameibiwa. Sehemu ya hasira yao ilikuwa ya haki, kwani baadhi ya ugomvi huo uliandikwa ovyo, na mtu hakasirikii kila mtu kwa kiwango kimoja. Lakini kurudi nyuma kwenyewe kuna mantiki. Korra alirejeshewa nguvu bila kujifunza kuishi bila nguvu; kwa nini basi asirudi kuwa yule yule? Alichokuwa hajakilipia alikuja kukilipia baadaye kwa riba. Mwishoni mwa kitabu hicho anapoteza uhusiano na Avatar wote waliomtangulia, ule mlolongo wa wazee ambao kila Avatar aliweza kuuendea kuomba ushauri. Safari hii hakuna aliyekuja kumrudishia.

Wataalamu wa fasihi wana istilahi kwa mambo haya. Mwingereza E.M. Forster, katika mihadhara aliyoichapisha mwaka wa 1927, aliwagawa wahusika wa riwaya makundi mawili, na walimu wetu wamezoea kuwaita wahusika bapa na wahusika duara. Bapa ana sura moja toka mwanzo hadi mwisho. Duara ana uwezo wa kutushangaza, na bado tukamsadiki. Tatizo ni kwamba darasani neno duara limegeuka kuwa sifa moja zaidi ya kuorodheshwa, karibu na ujasiri na bidii, badala ya kuwa mwaliko wa kufuatilia mwenendo wa mtu ukurasa kwa ukurasa.

Wala hatuna haja ya kwenda Marekani kumtafuta mhusika wa namna hiyo. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alichapisha riwaya ya Utengano mwaka wa 1980, na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Kenya wameisoma kwa ajili ya mtihani. Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi, analelewa ndani ya kuta nne. Baba, mtu wa heshima kubwa nje na mkatili nyumbani, hamruhusu hata kuonana na watu. Mtoto huyu anapotoroka, hatoki akiwa mwanamke huru. Anatoka akiwa hajui lolote kuhusu ulimwengu, na ulimwengu unampokea kwa njia unayowapokea wasioujua. Anaingia katika danguro, anazama katika ulevi, anaimba klabuni, anaugua.

Wasomaji wa haraka humwona Maimuna katika sura mbili tu: msichana mwema, kisha msichana aliyeharibika. Hivyo ndivyo anavyofundishwa mara nyingi, kama onyo. Lakini tazama alivyo ndani ya danguro. Ukali wake, kiburi chake cha kutaka kutamba juu ya wenzake, hamu yake ya kusikika. Hayo si tabia mpya alizoziokota mjini. Ni nguvu ile ile iliyofungiwa nyumbani kwa Maksuudi, sasa imetoka kwa njia mbaya kwa sababu hakuna aliyeifundisha njia nyingine. Na anapopata nafuu mwishoni, hapati kwa muujiza. Anapona polepole, kwa kazi na kwa kuishi miongoni mwa watu wasiomtaka awe kitu kingine, mpaka anaweza kuanza maisha na Kabi akiwa mtu wa kawaida.

Kinyume cha Maimuna ni Rosa wa Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka wa 1971. Naye ana baba mkali, Zakaria, katika kisiwa cha Ukerewe. Naye anapata uhuru ghafla bila maandalizi. Tofauti ni kwamba Rosa hakupewa muda. Hadithi yake inamalizikia katika kujiua, na kitabu chenyewe kilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kabla ya kuja kukubaliwa. Ukiziweka riwaya hizo mbili kando kwa kando, utaona kwamba swali la ukuaji wa mhusika ni swali la muda kabla ya kuwa swali la tabia. Maimuna hakuwa mwema kuliko Rosa. Kilichomwokoa ni kwamba mtunzi alimwacha aendelee kuishi baada ya kuanguka.

Turejee kwa Korra, kwani kitabu cha nne ndicho kinachoufanya mfululizo huu ustahili kuzungumziwa katika ukurasa huu.

Mwishoni mwa kitabu cha tatu, Zaheer na wenzake wanamfunga Korra kwa minyororo na kumtia sumu ya zebaki mwilini. Anaokolewa, adui anafungwa, umma unasherehekea. Katika tukio la mwisho amekaa kwenye kiti cha magurudumu huku watu wakimshangilia Jinora, binti wa Tenzin, kwa kufuzu. Chozi moja linamtoka Korra, wala si la furaha. Kitabu kinaisha hapo. Watoto waliozoea vibonzo walitarajia kwamba msimu ufuatao ungemkuta amepona.

Haukumkuta hivyo. Miaka mitatu imepita, na hayupo. Kipindi cha pili cha kitabu cha nne kinatueleza alikokuwa. Alirudi kwao kusini, kwa Katara, mganga mkongwe aliyekuwa rafiki na kisha mke wa Aang. Alijifunza kusogeza kidole cha mguu, kisha kusimama, kisha kutembea. Rafiki zake walimwandikia barua, na kwa muda mrefu hakumjibu ila mmoja, Asami. Mwili ulipoonekana umepona alipanda mashua kurejea mjini, lakini kabla ya kufika aliona mzuka wa nafsi yake mwenyewe, akiwa na minyororo ile ile, ukimsubiri. Akageuza njia. Akazikata nywele zake. Akawa anapigana katika mapambano ya kamari kwenye miji ya watu asiowajua, na kushindwa.

Wanaohesabu mafanikio watauliza: anapona lini? Mfululizo unatoa majibu kadhaa ya uongo kabla ya kutoa la kweli. Toph, bibi kizee mkaidi anayeishi kinamasini, anamwambia kwamba zebaki haikuisha yote mwilini, na Korra anafaulu kuitoa masalio yake. Mtazamaji anapumua, akidhani chanzo kilikuwa ni sumu hiyo. Kisha anakutana na Kuvira, mtawala mpya wa kijeshi, katikati ya pambano anauona uso wake mwenyewe mahali pa uso wa adui, anaganda, anapigwa. Sumu imetoka lakini hofu imebaki. Hatimaye anakwenda gerezani kumkabili Zaheer, mtu aliyemtesa, na mbele yake anaikumbuka ile siku yote hadi mwisho badala ya kuikimbia katikati. Hata baada ya hapo hasemi kwamba amekuwa kama zamani. Anakubali tu kwamba lilimpata.

Katika pambano la mwisho anasimama mbele ya silaha ya Kuvira ili kumkinga Kuvira mwenyewe. Yule msichana wa miaka 17 aliyeingia mjini akitafuta wa kupigana naye asingeweza kufanya hivyo. Ikumbukwe pia kwamba tendo hilo halifuti makosa yaliyotangulia. Uhusiano na wazee wake waliomtangulia haukurudi. Milango ya ulimwengu wa roho aliyoiacha wazi iliendelea kuwaletea watu wa mji matatizo.

Kuna jambo moja katika hitimisho lile ambalo ni vigumu kulikubali. Korra anamwambia Tenzin kwamba ilimpasa aonje mateso ya kweli ili apate kuwahurumia wengine. Ni kauli safi mno. Inayapa mateso kazi ya ualimu, kana kwamba Zaheer alikuwa sehemu ya mtaala. Mtu aliyepitia Molo, Njoro au Naivasha wakati wa machafuko hataitamka kwa urahisi.

Hapa ndipo hadithi hii ya vibonzo inapogusa ardhi yetu. Machafuko hayakuanza juzi katika eneo la kati la Bonde la Ufa. Molo na Olenguruone zilipata mapigano ya kikabila mwaka wa 1992, na Njoro ikafuata Januari 1998. Kisha ulikuja uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Mwishoni mwa Januari 2008 Nakuru na Naivasha ziliwaka moto. Kote nchini zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ukageuka mji wa mahema.

Mkataba wa amani ulitiwa saini Februari 28, 2008. Mwezi Mei mwaka huo huo serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, na familia zikaahidiwa Sh10,000 za kuanzia maisha upya. Jina la operesheni lenyewe lilikuwa na haraka ndani yake. Miezi michache tu baada ya mkataba, nyumbani palichukuliwa kuwa mahali ambapo mtu angeweza kurudi kwa gari. Walioendelea kuishi katika mahema miaka kadhaa baadaye, mathalan katika kambi ya Pipeline nje ya Nakuru na ile ya Mawingo katika Nyandarua, walianza kutajwa katika mazungumzo ya mitaani kama watu wasiotaka kusonga mbele. Ni shutuma ile ile anayotupiwa Korra na watazamaji wake: mbona hajapona?

Hesabu moja inafaa kufanywa. Mtoto aliyekuwa na miaka minne Januari 2008, umri wa Korra alipotambuliwa kuwa Avatar, alitimiza miaka 17 mwaka wa 2021, mwaka ambao Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji hapo Desemba mosi. Kama alikuwa shuleni, basi riwaya aliyopewa kusoma kwa ajili ya mtihani wa KCSE ni Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyoanza kutahiniwa mwaka wa 2018.

Riwaya hiyo imewekwa katika nchi ya kubuni iitwayo Wahafidhina, lakini msomaji wa Nakuru hahitaji ramani. Inaanza na Ridhaa, ambaye jamaa zake wameteketea katika nyumba iliyochomwa baada ya uchaguzi. Wamo Kaizari na mabinti zake, Lime na Mwanaheri, waliotendewa unyama mbele ya macho yake. Yumo pia Umulkheri, au Umu, msichana anayeachwa bila wazazi, kisha ndugu zake wawili wanaibwa na mtumishi wa nyumbani, Sauna, naye anaingia barabarani peke yake kabla ya kupata makao na hatimaye wazazi wa kumlea, Mwangeka na Apondi.

Umu ni mhusika mwema, pengine mwema kupita kiasi. Majanga yanamwandama kutoka nje, na yeye anayastahimili. Mtunzi ana watu wengi wa kuwasimulia, na hana nafasi ya kumwacha msichana mmoja akasirike bila sababu, amtukane mlezi wake, atoroke tena, kisha arudi. Katika jambo hili moja, Korra na Maimuna wanampita. Lakini kuna sehemu ya kitabu ambapo riwaya inapunguza mwendo: wasichana wamekaa pamoja shuleni, mmoja baada ya mwingine anasimulia yaliyompata, na Mwanaheri ni miongoni mwao. Hakuna anayeponywa katika kikao hicho. Wanachokipata ni kwamba kila mmoja anajua sasa kwamba si yeye peke yake aliyebaki macho usiku. Walimu wanaoipita sehemu hiyo mbio ili kufikia maudhui na mbinu za lugha wanawanyima wanafunzi wao kitu ambacho wengi wao, hasa katika kaunti hii, wangekielewa bila kufafanuliwa.

Korra naye hajamalizika. Hadithi yake iliendelezwa katika vitabu vya katuni, Turf Wars vya mwaka wa 2017 na 2018, kisha Ruins of the Empire vya mwaka wa 2019 na 2020, ambamo Kuvira anafikishwa mahakamani na inambidi Korra afanye kazi pamoja naye. Februari 2025 ikatangazwa kwamba mfululizo mwingine unatayarishwa, Avatar: Seven Havens, kuhusu msichana atakayemfuata Korra katika ulimwengu ulioharibiwa na janga kubwa. Kwa mujibu wa tangazo hilo, watu wa zama hizo hawamwoni Avatar kuwa mwokozi. Wanamwogopa kama mwangamizi, na wanadamu na roho pia wanamwinda.